Msalaba Uliohamia Kibanjani

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, natazama dawati mpaka aulizwe mwingine. Kwa hiyo mwalimu wetu wa historia alipotupa kazi ya likizo, kwamba kila mmoja aende kwenye makaburi ya zamani yaliyo karibu na kwao, anakili yaliyoandikwa na kuuliza habari za waliolala pale, nilifurahi peke yangu. Wenzangu wa bweni walinuna.

"Wengine wanakwenda kula senene, sisi tunakwenda kuamkia maiti," alisema wa kitanda cha jirani.

Mimi niliona kazi imenifaa. Maiti hawakuulizi kitu.

Basi lilinitoa Bukoba na kunishusha Muleba, nikatembea na sanduku kichwani mpaka nyumbani. Kesho yake asubuhi nilipanda kilima cha misheni na daftari jipya.

Kwetu mtu akifa huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba yake, hatua chache kutoka mlangoni. Anayezikwa misheni ni asiye na kibanja: padre, mtawa, mgeni aliyekuja kuchuma kahawa akafia kazini. Na watu wa kwetu. Babu yangu amelala misheni, na baba yake, na shangazi zangu wawili waliokufa kwa surua wakiwa wadogo. Nilikua nikidhani ni kwa sababu sisi ni Wakatoliki kuliko majirani. Nilipomwambia Bibi hivyo, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wakatoliki! Mjukuu wangu, tulikatazwa."

Ndipo aliponieleza. Kibanja chetu kilikuwa ndani ya nyarubanja, yaani ardhi ya bwana mmoja mkubwa aliyekuwa na watu wake chini yake. Babu alilima, akampelekea bwana yule pombe na siku za kazi, kama baba yake alivyofanya. Migomba ilikuwa yetu kuila. Lakini mfu wetu asiingie kwenye udongo ule. Mtu akishamlaza baba yake mahali, nani atamtoa hapo tena? Bwana alilijua hilo vizuri. Kila tulipofiwa alimtuma mtu wake aje kusimama uani, aone jeneza linatoka na kupanda kilima.

Nilikaa makaburini siku nne. Katekista mzee anayefyeka majani pale alinipokea vizuri, akanifuata na panga lake kaburi hadi kaburi. Kulikuwa na safu sita. Ya kwanza, karibu na ukuta wa kanisa, ni ya misalaba ya chuma. Sista mmoja alitoka Ulaya akafa kabla hajamaliza mwaka. "Huyu aliogopa kuku," katekista aliniambia. "Sista mzima, kuku akiingia chumbani anapanda juu ya benchi. Andika na hilo." Nikaandika.

Safu ya pili kuna mtu aliyekwenda Buganda kwa miguu kujifunza kusoma, akarudi na kitabu kimoja. Uzeeni macho yalikufa lakini alikuwa bado anafungua kurasa mahali penyewe. Nyuma yake kuna msalaba ambao hauna jina la mtu, umeandikwa MRUNDI WA KAHAWA, basi. Nilimwuliza katekista huyo Mrundi aliitwaje. Alifyeka majani yote ya kaburi lile kwanza. "Tulimwita Mrundi," alisema. Kaburi hilo lilinisumbua kuliko yote. Nilikaa pale nikijaribu kufikiri mtu amefanya kazi kwenye kahawa za watu miaka mingapi mpaka jina lake likaisha.

Safu ya tatu kuna mwanamke aliyekuwa anapiga kengele. Mumewe alimwacha kwa kukosa mtoto, ndugu zake hawakumtaka, misheni ikamchukua. Kilima chote kilikuwa kinapika kwa kengele yake. Siku aliyougua watu walikula ndizi mbichi kwa kungoja, ndivyo katekista alivyosema, labda alitia chumvi. Karibu na huyo ndipo alipokuwa Babu.

Msalaba wa Babu ulikuwa wa mti wa msizi. Kaka yake Bibi aliuchonga na kuandika kwa msumari wa moto. Hakupima. Herufi za mwanzo ni kubwa na zimetulia, za mwisho zimebanana ukingoni kama watu kwenye mwavuli mmoja. Bibi macho yake yana utando sasa, haoni ila mwanga. Jumapili baada ya misa alikuwa anaingia makaburini peke yake, anapapasa msalaba mmoja baada ya mwingine mpaka vidole vyake vikute zile herufi zilizobanana. Hapo anapiga magoti. Niliyaandika yote: safu, mahali, maneno, na jinsi Bibi anavyoutambua.

Sasa lazima niseme habari ya kibanja, maana ndiyo iliyoleta yote.

Baada ya Uhuru serikali ilifuta nyarubanja. Aliyekuwa analima chini ya bwana akapewa alipolima. Majirani zetu walipata vyao bila maneno mengi. Kwetu, bwana mwenyewe alikuwa ameshakufa, na mwanawe akaja na hadithi nyingine. Alisema sisi hatukuwa watu wa nyarubanja hata kidogo. Alisema Babu alikuwa mlinzi tu wa shamba, aliwekwa pale kwa muda, na mlinzi hapewi shamba alilolinda. Kila mwaka alileta maneno hayo, kila mwaka shauri likaahirishwa. Likizo ile tuliambiwa kamati inakuja Jumatano kumaliza. Wakishinda wao, sisi tungepelekwa kijiji kipya kule rweya, kwenye nyasi tupu ambako mgomba hauoti bila miaka ya samadi, na Bibi asiyeona angeanza kujifunza njia ya kisima upya.

Mjumbe wa nyumba kumi alikuja kumwambia Baba kitakachoulizwa. "Wazee wa kamati hawataki makaratasi," alisema. "Watauliza swali moja. Mzee wenu amelala wapi?"

Baba alimpa kahawa za kutafuna, mjumbe akaondoka.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile ya kutoka ziwani isiyo na haraka. Saa saba mchana, kila mtu yuko ndani, nilikuwa nimesimama mlangoni kukinga maji nilipomwona Baba anashuka njia ya misheni na mzigo wa majani kichwani. Majani ya kutandika nyumbani, yale yanayokatwa na wanawake. Sijawahi kumwona mwanamume ameyabeba. Jirani yetu mmoja, mwanamke asiyenyamaza hata kanisani, alimwona pia kutoka barazani kwake.

"Haa! Waitu, mwenzetu, umeolewa lini? Mbona hatukuitwa harusini?"

"Jana," Baba alisema bila kusimama.

"Na mumeo anakupiga?"

"Ananituma majani kwenye mvua, inatosha."

Yule mama alicheka peke yake mpaka nilipoacha kumsikia. Baba alipita karibu nami bila kunitazama, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Sijui kwa nini nilimfuata, kwa kawaida sifuati. Alikuwa amefungua mzigo, na ndani ya majani kulikuwa na msalaba wa Babu, mguu wake umeliwa na mchwa, udongo mwekundu bado umeshika.

"Shika mwisho huo," aliniambia.

Nilishika. Alikuwa ameshachagua mahali, chini ya mgomba mkubwa karibu na mpaka. Tulirundika udongo urefu wa mtu mzima. Tulipanga mawe pembeni. Baba alihamisha mulamula, ule mti wa majani marefu ambao kwetu hupandwa kaburini na mpakani, akausimika kichwani, na mbele yake akauzamisha msalaba. Mvua ilitusaidia kuupiga udongo usionekane mpya.

"Kule juu je?" nilimwuliza.

"Nimesawazisha. Nimetupa majani juu. Hapaonekani."

"Baba, lakini Babu hayupo hapa."

Aliegemea jembe. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Alitaka kuwa hapa. Alinyimwa. Sasa wanaomnyima wanakuja kuniuliza mbona hayupo. Wewe msomi, nijibu wewe."

Mpaka leo, nikisema alikosea, naona ule uso. Nikisema alifanya sawa, naona mengine.

Bibi tulimficha. Ndivyo tulivyodhani. Lakini mtu asiyeona husikia jembe, na Jumanne jioni alisema, akimenya ndizi, kama anazungumza na kisu: "Nyuma kuna udongo uliogeuzwa. Nasikia harufu. Mmepanda nini wakati huu?" Baba alisema magimbi. Bibi akasema sawa.

Jumatano walikuja. Kulikuwa na katibu wa kata, kijana mwenye suti ya mikono mifupi anayemwita kila mtu ndugu, hata Bibi. Kulikuwa na wazee watatu wa kamati. Mwana wa bwana alikuja na viatu vya mjini, anaruka madimbwi. Uani walijaa majirani. Nilipiga magoti nikawaamkia mmoja mmoja, nikapitisha kahawa za kutafuna, nikakimbilia jikoni kwa Bibi. Kutoka jikoni tulisikia kila neno.

"Ndugu," katibu alisema, "mzee wako amezikwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba," alisema Baba.

Walikwenda wote. Nilichungulia kupitia matete ya ukuta. Mzee mmoja wa kamati, mfupi, mwenye fimbo, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa nyarubanja siku zile, alizunguka lile kaburi taratibu. Akalichoma na ncha ya fimbo. Ncha ikazama.

"Kaburi hili limenona," alisema.

Watu wakacheka. Baba alisema tunaliongezea udongo kila mwaka, ng'ombe hulikanyaga. Mzee alimtazama, kisha akatazama msalaba uliochakaa. Nina hakika alijua. Alifuta ncha ya fimbo kwenye jani la mgomba, akasema, "Msalaba ni wa zamani kweli kweli. Huo haudanganyi."

"Uongo!" Mwana wa bwana alipaza sauti. "Huyo mlinzi kazikwa misheni. Watu wao wote wako misheni. Baba yangu alikuwa anatuma mtu kuhakikisha."

"Kuhakikisha nini?" aliuliza mzee wa fimbo. "Kuhakikisha mlinzi? Mlinzi anaogopwa kaburi lake?"

Watu wakaguna. Mwana wa bwana aliona amejikwaa, akatafuta neno jingine, akalipata. "Kuna binti wa hapa hapa. Katekista anamsifu kila mahali. Ameandika makaburi yote ya misheni, moja moja. Leteni daftari lake, tusome."

Nilisikia katibu akisema, "Vizuri sana, hiyo ndiyo elimu. Ndugu mwanafunzi yuko wapi?"

Baba aliniita kwa jina. Nilitoka, wote wakanigeukia, na nilitamani ardhi inimeze. Baba hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alinitazama tu kama ng'ombe anavyomtazama mtu.

"Lete daftari," alisema.

Daftari lilikuwa jikoni, juu ya gunia la maharage. Niliingia. Bibi amekaa penye moto, chungu cha ndizi kinachemka. Nilifungua ukurasa wa safu ya tatu na nikaona mwandiko wangu mzuri, ule mwalimu anaoupenda. Mwanamke wa kengele alikuwa ukurasa uliotangulia. Babu alikuwa na ukurasa mzima peke yake, mbele na nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimempenda zaidi. Na ukweli nitausema, sikumfikiria Mungu wala kibanja. Nilifikiria tu kwamba wakisoma, nitaulizwa swali mbele ya watu wote wale na nitalazimika kusema. Niliuchana ukurasa, na ule mwenzake mtupu wa upande wa pili wa mshono, ambao ungechomoka, nikauchana pia, nikaziweka chini ya chungu.

Karatasi mpya huwaka na sauti. Bibi aligeuza uso wake kwenye sauti ile.

"Umechoma nini?"

"Karatasi, Bibi."

"Ya nani?"

Nilifunga daftari. Alinyoosha mkono, akakuta bega langu, akalisukuma kidogo kuelekea mlangoni. "Nenda. Wanakungoja."

Katibu alisoma kwa sauti, kaburi kwa kaburi, watu wanasikiliza kama wanasikiliza redio. Sista aliyeogopa kuku aliwachekesha. Mrundi aliwanyamazisha. Safu ya tatu alimsoma mwanamke wa kengele, akageuza, akaingia kwa mtoto mmoja aliyekufa kwa ndui, akaendelea mpaka mwisho. "Hayumo," alisema, akanirudishia daftari kwa mikono miwili. "Kazi nzuri, ndugu. Taifa linahitaji vijana wa namna hii."

Mwana wa bwana alisema daftari si ushahidi. "Umeliitisha wewe," mzee wa fimbo alimwambia. Kamati ikapiga kura palepale uani kwa kunyoosha mikono. Kibanja kikawa chetu. Yule jirani mama wa maneno alipiga vigelegele, majirani wakamshika Baba mikono, pombe ikatolewa. Mimi nilirudi jikoni nikavunjavunja majivu ya karatasi kwa kijiti.

Jumapili Bibi aliniambia nimshike mkono twende misa. Baada ya misa hakwenda nyumbani. Alielekea makaburini, akaanza kupapasa kama kawaida yake. Nilikuwa nimeomba mvua, haikuja. Alipapasa chuma cha masista. Akapita safu ya pili. Safu ya tatu alikuta msalaba wa mwanamke wa kengele, akausalimia, akanyoosha mkono mbele kwenye hewa. Akasogea hatua. Akanyoosha tena.

"Nipeleke kwake," alisema. "Wewe uliandika."

Nilitazama. Pale mbele ya mwanamke wa kengele palikuwa na majani yaliyotupwa kote, na vijana wa parokia walikuwa wamepita wiki ile kusafisha kwa ajili ya Krismasi na kung'oa misalaba iliyooza. Kati yake na mtoto wa ndui palikuwa na nafasi ya makaburi mawili, labda matatu, yote sawasawa na ardhi. Niliandika ni la ngapi. Nakumbuka kuliandika. Nakumbuka hata kalamu ilivyokwama kwenye karatasi. Namba yenyewe haikuja.

"Tumwulize katekista?" nilisema.

"Tukimwuliza atajua. Kamati itarudi." Aligusa ardhi kwa mguu. "Ni hapa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angepiga magoti, angetoka pale ametulia, na hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimeshadanganya kijiji kizima bila kufungua mdomo, neno moja lingenishinda nini? Lakini alikuwa ameushika mkono wangu.

"Sijui, Bibi. Nimesahau."

Hakunikaripia. Alisimama pale muda mrefu, uso wake umeelekea ziwani ingawa haoni ziwa, midomo inatembea. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anahesabu hatua zake za zamani kutoka kwa yule mwanamke, akazitembea, akasimama, akatikisa kichwa, akarudi akaanza upya. Alifanya hivyo mara tatu. Mara zote tatu alifika mahali tofauti.

Nyumbani alikaa mlangoni, akamwita Baba, naye akaja akifuta mikono.

"Lile kaburi lako la magimbi," alisema.

Baba alinitazama. Mimi nilitazama majani ya sakafuni.

"Mae, mama yangu, nilifanya kwa ajili ya..."

"Najua ulilifanya kwa ajili ya nini. Nitakula ndizi zake, sitazitema. Sikiliza. Nilikuwa nimemwambia padre nilazwe kule juu, karibu naye. Sasa karibu naye ni wapi?" Alingoja kama kweli Baba angemjibu. "Nikifa usinipandishe kilima. Nizike hapo hapo ulipopachimba. Siku moja watakuja wengine, watalichimba lile kaburi waone. Wakute mtu."

Baba alipiga magoti mbele yake, mtu mzima, mbele yangu. Bibi alipapasa mpaka akapata kichwa chake, akaacha mkono pale.

"Na msalaba uache ulipo," alisema. "Mimi nitengenezewe wangu. Aandike huyu, ana mwandiko. Apime kwanza."